Mashine Imesikia Nini? Uhakiki wa Ushahidi katika Tafiti Tumizi za Sauti, Matamshi ya Mtandaoni na Tiba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tafiti tumizi za ujifunzaji wa mashine zinavyothibitisha madai yake katika nyanja tatu: uchanganuzi wa sauti, udhibiti wa matamshi ya mtandaoni na utambuzi wa maradhi. Hoja kuu ni kwamba asilimia ya usahihi, ambayo hutangulizwa katika tafiti nyingi za aina hii, hupima jinsi mashine inavyoafikiana na lebo za mkusanyo fulani wa data. Peke yake haithibitishi kwamba mashine imetambua jambo linalodaiwa. Kwa kupitia tafiti zilizochapishwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2024, makala yanaonesha kwamba kosa moja limejirudia katika nyanja zote tatu: mashine hutambua chanzo cha mfano, yaani msanii, mwandishi, hospitali au chumba cha kurekodia, kisha utambuzi huo ukahesabiwa kuwa ni utambuzi wa muziki, chuki au ugonjwa. Mwishoni yanapendekezwa maswali manne ambayo mtahini anaweza kuyauliza kabla ya kuikubali tasnifu ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Tafiti tumizi za ujifunzaji wa mashine zina utaratibu mmoja unaojirudia, hata pale mada zake zinapokuwa mbali. Mtafiti hukusanya mifano, huipa lebo, huigawa katika fungu la kufunzia na fungu la kupimia, kisha huonesha katika jedwali ni mara ngapi mashine imeafikiana na lebo. Mfano ukiwa wimbo, lebo ni aina ya muziki. Ukiwa ujumbe wa mtandaoni, lebo ni chuki au si chuki. Ukiwa kikohozi, lebo ni mgonjwa au mzima. Kwa kuwa utaratibu ni mmoja, udhaifu wake nao ni mmoja. Ndiyo maana makala haya yanazisoma nyanja hizo tatu kwa pamoja badala ya kuiacha kila moja katika idara yake.

Udhaifu huo ulijulikana kabla ya kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hisabati, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans ambaye alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga chini kwa kwato. Tume iliyomchunguza mwaka 1904 haikuona udanganyifu wowote. Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, hakumwongezea Hans hesabu ngumu zaidi. Alibadilisha mazingira ya mtihani. Muulizaji asiyelijua jibu alipouliza, farasi alishindwa. Muulizaji alipofichwa, farasi alishindwa pia. Ikadhihirika kwamba Hans alikuwa akifuata mabadiliko madogo ya kichwa na mkao wa muulizaji, mabadiliko ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anayafanya.

Mambo mawili katika kisa hiki yanahusu mjadala wetu moja kwa moja. Kwanza, hakuna aliyekusudia kudanganya: mwenye farasi aliamini, na tume nayo ilifanya kazi kwa uaminifu. Pili, majibu ya farasi yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika tafsiri ya usahihi huo. Sturm (2014) alilichukua jina la mnyama huyu na kuuita "farasi" mfumo wowote wa kuchanganua muziki unaotoa jibu sahihi kwa njia isiyohusiana na tatizo lililokusudiwa. Makala haya yanalitumia jina hilo kwa maana hiyohiyo, na kulipeleka nje ya muziki.

2.0 Aina za Muziki: Mkusanyo Ulioaminiwa Kabla ya Kusikilizwa

Mkusanyo wa GTZAN uliandamana na kazi ya Tzanetakis na Cook (2002) kuhusu utambuzi wa aina za muziki. Una vipande 1,000 vya sekunde 30, katika aina 10, kila aina ikiwa na vipande 100. Kwa miaka mingi ulikuwa kipimo cha kawaida cha fani hiyo: aliyebuni mbinu mpya aliipima hapo, na mbinu iliyopata asilimia ya juu kuliko iliyotangulia ilihesabiwa kuwa ni maendeleo. Hata hivyo mkusanyo haukuambatana na orodha ya nyimbo wala wasanii. Watafiti walilinganisha asilimia zao juu ya vipande ambavyo havikuwa vimetambulishwa.

Sturm (2013) alifanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa mwanzoni: aliusikiliza na kuutambulisha mkusanyo wenyewe. Alikuta vipande vinavyojirudia, lebo zisizo sahihi na vipande vilivyoharibika. Alikuta pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya vipande vya rege ni vya msanii mmoja, Bob Marley. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Vipande vikigawanywa kwa kubahatisha, sauti ya msanii huyo, ala zake na namna studio ilivyomrekodi vitakuwapo katika fungu la kufunzia na katika fungu la kupimia. Mashine itakayomtambua Marley itapata alama za kuitambua rege. Flexer (2007) alikuwa amekwisha kuonesha kwamba usahihi hushuka pale msanii mmoja anapozuiwa kuwa katika mafungu yote mawili.

Uchunguzi wa Rodríguez-Algarra, Sturm na Maruri-Aguilar (2016) ulikwenda mbali zaidi. Waligundua kwamba mifumo fulani iliyofanya vizuri katika GTZAN ilikuwa ikitegemea taarifa zilizo chini ya hezi 20, yaani chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia. Taarifa hizo hazikuwa ngoma, besi wala mdundo. Kama hakuna msikilizaji anayezisikia, haziwezi kuwa ndizo zinazoifanya rege kuwa rege. Mfumo ulikuwa unasoma alama iliyoachwa na mazingira ya kurekodi, nayo alama hiyo ikawa imeambatana na lebo.

Athari ya kosa hili katika muziki ni ndogo, kwani hakuna anayedhurika rege inapoitwa kwa jina lingine. Umuhimu wa kisa cha GTZAN ni kwamba kinalionesha kosa likiwa limetengana na huruma ya tiba na siasa za matamshi. Tukiliona hapa, tutalitambua tunapolikuta mahali ambapo gharama yake hulipwa na watu.

3.0 Tiba: Kikohozi, Kimya na Pembe ya Picha

Mwaka 2020, wakati janga la UVIKO-19 likiwa limeenea duniani, Laguarta, Hueto na Subirana walichapisha utafiti uliodai kutambua maambukizi kwa kusikiliza kikohozi kilichorekodiwa kwa simu. Data yao ilitokana na watu 5,320. Waliripoti unyeti wa asilimia 98.5 na umahususi wa asilimia 94.2. Kwa watu wasio na dalili, unyeti ulikuwa asilimia 100 na umahususi asilimia 83.2. Watafiti walipendekeza matumizi ya kila siku kwa wanafunzi, wafanyakazi na umma kwa jumla. Pendekezo hilo ni zito. Mtu asiye na dalili, akiambiwa na simu yake kwamba yu salama, ataingia darasani au ataketi kando ya mgonjwa.

Swali la kwanza la mhakiki linahusu lebo. Katika utafiti huo si kila lebo ilitokana na kipimo cha maabara. Nyingine zilitokana na tathmini ya daktari, na nyingine na maelezo ya mhusika mwenyewe. Rekodi nazo zilitumwa na wahusika kupitia tovuti, kila mtu akiwa katika mazingira yake. Anayejijua kuwa ni mgonjwa huenda akakohoa tofauti, akarekodi chumbani badala ya ofisini, na akaitikia wito wa utafiti kwa sababu tofauti na za mtu mzima. Hakuna hata moja kati ya tofauti hizo iliyo virusi, ilhali kila moja yaweza kusikika.

Jibu kamili lilipatikana kwa utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Uingereza. Coppock na wenzake (2024) walitumia rekodi za watu 67,842 waliokuwa na majibu ya kipimo cha PCR, miongoni mwao 23,514 wakiwa na maambukizi. Walipoipima mashine kwa data kama ilivyokusanywa, ilipata 0.846 katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kubahatisha na 1 ni utambuzi kamili. Kisha wakafanya kama alivyofanya Pfungst: wakabadilisha mazingira ya mtihani. Waliwalinganisha wenye maambukizi na wasio nayo waliofanana kwa umri, jinsia na dalili. Alama ilishuka hadi 0.619. Walionesha pia kwamba mashine haikuwa na manufaa zaidi ya kumuuliza mtu tu ana dalili gani. Sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa ni sauti ya virusi ilikuwa ni tofauti kati ya watu waliokwenda kupimwa kwa sababu wanaumwa na watu waliopimwa kwa sababu nyingine.

Mfano wa pili unahusu ugonjwa wa Alzheimer. Mkusanyo wa Pitt, uliorekodiwa nchini Marekani katika miaka ya 1980, una sauti za wazee wakieleza mchoro wa jikoni ambamo mtoto anaiba biskuti. Umetumiwa sana katika tafiti zinazojaribu kuutambua ugonjwa huo kwa njia ya usemi. Mwaka 2024, Liu na wenzake waliondoa usemi wote na kuiachia mashine vipande vya kimya peke yake. Mashine iliwatenga wagonjwa na wazima kwa usahihi wa karibu asilimia 100. Walipozisafisha rekodi na kurudia jaribio, na vilevile walipotumia mikusanyo mingine, usahihi ulirejea kwenye kiwango cha kawaida cha takribani asilimia 80. Kimya cha chumba hakina kumbukumbu iliyopotea wala neno lililosahaulika. Mashine ilikuwa imeijua rekodi, haikuwa imemjua mgonjwa.

Kwamba tatizo hili si la sauti peke yake linathibitishwa na Zech na wenzake (2018), waliochunguza utambuzi wa nimonia katika picha za eksirei ya kifua. Mashine yao iliweza kubaini picha imetoka katika mfumo gani wa hospitali kwa usahihi unaozidi asilimia 99.9. Hospitali hizo zilitofautiana sana kwa kiwango cha ugonjwa: katika mkusanyo wa Mount Sinai asilimia 34.2 ya picha zilikuwa na nimonia, na katika mkusanyo wa NIH asilimia 1.2. Katika hali hiyo, mashine ikishajua picha imetoka wapi imekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu kabla ya kuangalia mapafu. Alama ya chuma inayowekwa na fundi kwenye pembe ya picha ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyoisaidia kujua. Mfumo uliofunzwa kwa data ya hospitali hizo mbili ulipata 0.931 kwa picha za hospitali zilezile, na 0.815 ulipopelekwa kwenye picha za Indiana.

4.0 Matamshi ya Mtandaoni: Neno, Mwandishi na Mahali

Tafiti za matamshi ya chuki zimepita njia hiyohiyo. Waseem na Hovy (2016) walitoa mkusanyo wa takribani jumbe 16,000 za Twitter zenye lebo za ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kijinsia, nao ukatumiwa sana na waliofuata. Wiegand na wenzake (2019) walipoangalia jumbe hizo ziliandikwa na nani, waliona kwamba karibu zote zilizowekewa lebo ya ubaguzi wa rangi zilitoka kwa mtumiaji mmoja. Hapa msomaji atamkumbuka Bob Marley wa GTZAN. Mashine iliyozoea mtindo wa mtu mmoja, mada zake na majina anayoyataja, itapata alama za juu katika kuutambua ubaguzi, mpaka itakapokutana na mbaguzi wa pili.

Davidson na wenzake (2017) walikusanya jumbe kwa kutumia orodha ya maneno ya chuki, kisha wakazipa lebo jumbe 24,802. Takribani asilimia 5 tu ndizo zilizohesabiwa na wengi wa waweka lebo kuwa ni za chuki. Inafaa kuwasifu watafiti hao kwa kutenganisha lugha ya matusi na lugha ya chuki, maana takwimu yao yenyewe inasema jambo ambalo wajenzi wa mifumo wamelisahau mara nyingi: kuwapo kwa neno katika sentensi si ushahidi wa tendo. Sap na wenzake (2019) waliongeza kwamba kwa mashine zilizofunzwa kwa mikusanyo ya aina hii, jumbe zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Wamarekani Weusi zilikuwa na uwezekano wa hadi mara mbili wa kuwekewa lebo ya kuudhi. Waweka lebo walipotahadharishwa kuhusu lahaja, upendeleo ulipungua. Maana yake ni kwamba lebo haikuwa sifa ya ujumbe peke yake. Ilitokana na ujumbe na msikilizaji kwa pamoja, na msikilizaji hakuwamo katika jedwali.

Kwa Kiswahili, jambo hili linaonekana vizuri katika neno "madoadoa". Mama anayempeleka mtoto zahanati husema mtoto ana madoadoa mwilini, na mganga huanza kufikiria surua. Fundi cherehani hulitumia kwa kitambaa, na msimulizi kwa ngozi ya chui. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, neno hilohilo limetumiwa katika siasa kuwaita watu wa jamii zinazodaiwa kuwa si za eneo hilo, na "kuondoa madoadoa" kukawa ni wito wa kuwafukuza. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hakuna mkazi wa eneo hilo asiyeijua maana hiyo. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, na "madoadoa" yalikuwamo. Pamoja nayo liliwekwa "hatupangwingwi", neno la Sheng lililokuwa likitumiwa kama kaulimbiu ya kampeni.

Tume ilikuwa na sababu ya kuwa na hofu, na orodha inaweza kumzindua mwanasiasa aliye jukwaani. Lakini orodha hiyo ikichukuliwa na mtafiti kama chombo cha kukusanyia data, hubadilika na kuwa kitu kingine. Jumbe zote zitakazopatikana zitakuwa na maneno ya orodha. Mashine itajifunza maneno hayo, na kipimo kilichotokana na orodha ileile kitaipa alama za juu. Mama anayeuliza katika kikundi cha afya kuhusu madoadoa ya mwanawe anaweza kunyamazishwa. Mchochezi aliyebuni neno jipya wiki hii atapita. Jedwali halitaonesha lolote kati ya hayo mawili.

Inafaa kukumbuka kwamba kazi ya kuamua maana ya matamshi ya uchochezi imewahi kufanywa kwa makini sana katika eneo letu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimsikiliza mtaalamu wa isimu kuhusu maneno ya Kinyarwanda kama vile "inyenzi", ambalo maana yake ya kawaida ni mende, kabla ya kutoa hukumu ya Akayesu tarehe 2 Septemba 1998. Katika kesi ya vyombo vya habari, rekodi za matangazo ya redio RTLM zilikuwa sehemu ya ushahidi. Hukumu ya kwanza ilitolewa Desemba 2003. Mwaka 2007, Jopo la Rufani liliona kwamba matangazo yaliyothibitika kuwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari ni yale ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Majaji wa ngazi mbili, wakiwa na rekodi, tafsiri, mashahidi na miaka ya kutafakari, hawakuafikiana kikamilifu kuhusu tangazo lipi liwekewe lebo ipi, na tofauti yao ilihusu wakati na mazingira ya kusemwa kwake. Mwekaji lebo wa tafiti tunazozihakiki mara nyingi hupewa sentensi moja, bila msemaji, bila mahali na bila tarehe. Uamuzi wake huitwa ukweli wa msingi. Jina hilo ni kubwa kuliko kazi iliyofanyika.

5.0 Utetezi Unaotolewa na Majibu Yake

Watetezi wa tafiti hizi wana hoja tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba njia haina umuhimu iwapo jibu ni sahihi. Mhandisi anaweza kusema kwamba ikiwa pembe ya picha inasaidia kuitambua nimonia, na itumike. Jibu ni kwamba njia ya pembeni hudumu maadamu mazingira ya pembeni yanadumu. Hospitali ikibadilisha mtambo au alama za fundi, usahihi utaondoka bila kutoa taarifa. Tena, aliyeahidiwa uchunguzi wa mapafu ana haki ya kupata uchunguzi wa mapafu.

Hoja ya pili ni uhaba wa data. Inasemwa kwamba lugha kama Kiswahili hazina anasa ya kudai masharti ya lugha tajiri. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini inaelekea upande usio sahihi. Mkusanyo ukiwa mdogo, vyanzo vyake huwa vichache, na vyanzo vikiwa vichache ndipo mashine inapovitambua kwa urahisi zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni: mtafiti ana sauti za wagonjwa zilizorekodiwa wodini penye feni, na sauti za wazima zilizorekodiwa katika chumba cha mihadhara. Hahitaji data nyingi ili mashine yake ipate asilimia 95. Inahitajika feni tu. Uhaba wa data ni sababu ya kuongeza uangalifu wa ugawaji, na uangalifu huo hauhitaji fedha nyingi.

Hoja ya tatu ni kwamba sayansi imejisahihisha yenyewe, kwani makosa yote yaliyotajwa hapa yaligunduliwa na watafiti. Hoja hii tunaikubali kwa kiasi kikubwa. GTZAN, Pitt na mkusanyo wa Waseem na Hovy ziliweza kuhakikiwa kwa sababu watafiti wengine waliruhusiwa kuzitumia. Mkusanyo uliofungwa kabatini haumpi mtu fursa ya kugundua kosa lake. Ipo pia mifano ya usanifu bora. Mkusanyo wa CODA wa vikohozi kwa ajili ya uchunguzi wa kifua kikuu, uliochangiwa na nchi 7, zikiwemo Tanzania na Uganda, uliwahusisha watu waliofika vituoni wakiwa na kikohozi kipya au kinachozidi cha wiki 2 au zaidi. Hivyo wasio na kifua kikuu katika mkusanyo huo nao ni watu wanaokohoa. Mashine haiwezi kupata alama kwa kutofautisha mgonjwa na mtu mzima aliyejikoholesha. Inapaswa kutofautisha kikohozi na kikohozi, na hilo ndilo swali analokabiliana nalo mganga.

Pamoja na hayo, kujisahihisha kulichukua muda. Kati ya GTZAN kutolewa na kusikilizwa kikamilifu ilipita zaidi ya miaka 10. Kati ya kikohozi cha mwaka 2020 na jibu la mwaka 2024 janga lilikuwa limekwisha kupita kileleni. Anayeweza kufupisha muda huo ni msomaji wa kwanza, yaani mtahini.

6.0 Maswali Manne kwa Mtahini

Swali la kwanza: mafungu ya kufunzia na kupimia yamegawanywa kwa mfano au kwa chanzo? Vikohozi kumi vya mgonjwa mmoja, jumbe mia za mwandishi mmoja na nyimbo thelathini za msanii mmoja vikae upande mmoja. Mtahiniwa asiyeweza kutaja chanzo cha kila mfano hawezi kulijibu swali hili, na kutoweza huko ni jibu tosha.

Swali la pili: mashine inapata alama gani ikipewa kitu kisicho na jambo linalotafutwa? Ipewe kimya badala ya usemi, mawimbi yasiyosikika badala ya muziki, pembe ya picha badala ya mapafu. Kama alama zinabaki juu, kilichotambuliwa si kile kinachodaiwa. Jaribio hili huweza kufanyika kwa siku moja kwa vifaa vilevile vya utafiti.

Swali la tatu: njia rahisi iliyopo tayari inapata alama gani? Kwa kikohozi, njia hiyo ni kumuuliza mtu dalili zake. Kwa matamshi, ni kuhesabu maneno ya orodha. Mashine isiyoishinda njia hiyo haina sababu ya kugharimiwa, hata ikiwa asilimia yake inapendeza.

Swali la nne: nani aliweka lebo, akiwa na taarifa zipi, na walitofautiana kiasi gani? Kwa tiba, itajwe ni kipimo kipi cha maabara. Kwa matamshi, waelezwe waweka lebo, lugha zao za kwanza na maeneo wanakotoka, na jumbe walizotofautiana zichambuliwe badala ya kufutwa. Neno "madoadoa" litasomwa kwa namna moja Eldoret na kwa namna nyingine Mtwara, na tasnifu isiyosema lilisomwa wapi haijasema kitu kuhusu neno hilo.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuzikataa tafiti tumizi za sauti, matamshi na tiba. Kifua kikuu kinaua, uchochezi umeua, na chombo cha bei nafuu kitakachosaidia kimoja kati ya hivyo ni chombo cha kutamaniwa. Kwa sababu hiyohiyo hakipaswi kupitishwa kwa asilimia pekee. Imeoneshwa kwamba msanii mmoja, mwandishi mmoja, hospitali moja na chumba kimoja vimeweza kujificha nyuma ya asilimia hizo kwa miaka, na kwamba katika kila kisa ukweli ulipatikana kwa mtu kurudi kwenye data yenyewe: kuisikiliza, kuuliza imetoka kwa nani, na kubadilisha mazingira ya mtihani. Mtahiniwa anayekuja na jedwali lenye asilimia 98 anastahili kupongezwa kwa juhudi, kisha aulizwe, kabla ya lingine lolote, mashine yake imesikia nini.